Kobe mgonjwa Dar: joto na maji kwanza, dawa baadaye

Kobe huonyesha ugonjwa kwa kuchelewa. Mpaka umwone ameacha kula, amefumba macho mchana kutwa na miguu imelegea, mara nyingi tatizo lina wiki kadhaa mwilini. Ndiyo maana mwenye kobe akishtuka, hushtuka kwa pupa: mbio hadi duka la dawa za mifugo, sindano ya minyoo ya mbuzi, unga wa antibayotiki wa kuku kwenye maji, kisha kusubiri. Kobe ambao wangepona wamekufa kwa haraka hiyo, na inauma kwa sababu kinachotakiwa mwanzoni kipo karibu kila nyumba.

Mwili wa kobe hautengenezi joto lake wenyewe. Kinga, tumbo, figo, hata namna dawa inavyosambaa, vyote hufuata joto la mahali alipo. Aliyepoa hawezi kupambana na bakteria wala kusaga chakula, na dawa uliyomdunga hukaa msulini bila kufanya kazi inavyotakiwa. Kwa hiyo siku mbili tatu za kwanza ni za joto na maji. Isipokuwa dharura nitakazozitaja chini, dawa ingoje hapo.

Kwanza ujue ni kobe gani

Hapa Dar wanaofugwa zaidi ni wale wakubwa wenye mgongo wa kuba, rangi ya manjano yenye madoa meusi. Hawa ni walaji wa nyasi, wanapenda jua na ukavu, na akikua vizuri anaweza kupita kilo 10. Wa pili ni kobe wa kahawia, wadogo, wenye bawaba nyuma ya mgongo: sehemu ya nyuma ya gamba hujikunja kufunika miguu. Watu huiona ile bawaba wakadhani gamba limevunjika, wakaenda kuiziba kwa gundi. Usizibe chochote. Huyu anapenda kivuli na unyevu, na hali yake ya chakula ni tofauti kabisa, tutaifikia. Wa tatu ni yule bapa wa kwenye nyufa za miamba, anayeishi bara. Gamba lake ni laini kwa maumbile ili aweze kujipenyeza, kwa hiyo kulainika kwake si ugonjwa wa mifupa. Huyu tangu 2019 yuko kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori), ile ya wanyama wasioruhusiwa kuuzwa kibiashara kimataifa.

Kama mnyama wako ana utando kati ya vidole na huikunja shingo ubavuni badala ya kuirudisha moja kwa moja ndani, huyo ni kobe wa majini na sehemu kubwa ya maelezo haya haimhusu.

Dar kuna joto, kobe atapoaje?

Hili swali ndilo linalowapoteza wengi. Kobe hapoi kwa sababu ya mji, anapoa kwa sababu ya sakafu. Vigae ndani ya nyumba, saruji ya uani iliyolowa wakati wa masika, chumba chenye kiyoyozi, stoo isiyopata jua: tumbo lake limelala hapo usiku kucha. Kipupwe, hasa Julai, joto la usiku hapa mjini hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Kobe mzima mwenye jua la kutosha asubuhi huvumilia hilo. Mgonjwa hawezi.

Na asikudanganye mtu kwamba "amelala msimu". Kobe mwenye madoa halali majira ya baridi kama wale wa Ulaya. Akikaa siku kadhaa bila kutoka kujianika wala kula, anaumwa. Yule wa bawaba ndiye anayeweza kujificha na kupunguza shughuli kiangazi kikikaza, lakini hata yeye akiloweshwa maji hufumbua macho na kuondoka. Asipofanya hivyo, mhesabu kuwa mgonjwa.

Mtengenezee mahali pake. Boksi la mbao au beseni kubwa lisiloonyesha nje, urefu usiopungua mita 1 kwa kobe wa kilo 1 au 2, kwa sababu akiona upande wa pili atajichosha kusukuma ukuta. Chini tandika magazeti, si mchanga wala maranda: unataka kuona kinyesi, mkojo, ute na damu, na unataka kubadilisha kila siku. Upande mmoja ning'iniza taa ya kulelea vifaranga au balbu ya zamani ya waya ya wati 60 hadi 100. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha, hata ziwe na mwanga mkali kiasi gani. Anza na umbali wa sentimita 45 kutoka mgongoni kwake, weka kipimajoto usawa wa mgongo huo, subiri nusu saa, ndipo usogeze taa juu au chini. Chini ya taa pafike nyuzi 32 hadi 34, upande wa pili pabaki 27 au 28, na usiku pasishuke chini ya 25. Kwa wa bawaba, punguza: 27 hadi 29 inamtosha, na mwekee taulo lenye unyevu la kujifunika. Lazima awe na uwezo wa kulikimbia joto. Boksi dogo lenye taa moja katikati ni oveni.

LUKU ikiisha au umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye chupa za lita 1.5, zifunge kwa kanga mara mbili, ziweke pembeni yake na si chini yake. Jiko la mkaa, lile tunalolelea vifaranga, lisitumike kabisa. Moshi na hewa yake ya sumu humfikia kwenye mapafu ambayo huenda tayari yana ugonjwa.

Mchana mtoe juani. Jua la Dar linampa mwanga wa kutengeneza vitamini D ambao wenzetu wa nchi za baridi wananunua taa za bei kubwa kuupata, na ni kosa kulikosa hapa. Saa 1 hadi saa 4 asubuhi, kisha baada ya saa 10 jioni, dakika 30 zinatosha kwa mgonjwa, na nusu ya eneo iwe kivuli. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki, kioo huzuia ule mwanga anaouhitaji. Usimwache saa 7 mchana kwenye beseni lisilo na kivuli: akianza kutoa povu mdomoni na kupapatika, yuko karibu kufa kwa joto. Mtie kwenye maji ya kawaida, yasiwe ya friji, na umpeleke kivulini.

Kumlowesha

Hili ndilo tiba yenyewe kwa kobe wengi. Upungufu wa maji hukausha figo, husimamisha tumbo, hufanya mkojo mweupe ugande. Utaujua kwa macho yaliyozama, ngozi ya shingo iliyokunjamana, na ule uteute mweupe anaoutoa na mkojo. Wa kobe mwenye maji ya kutosha ni laini, ukiupaka kidoleni unateleza. Ukiwa na chengachenga, au ukiwa mgumu, amekauka siku nyingi na anaweza kupata jiwe kwenye kibofu.

Chukua beseni pana, weka maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 30. Yafike pale ubavuni ambapo gamba la juu linaungana na la chini, na kichwa kibaki juu bila kujitahidi. Aliyelegea sana mwekee taulo lililokunjwa chini ya kifua. Mwache dakika 20 hadi 30, na usiondoke. Maji yakipoa ongeza ya moto kwa pembeni, mbali naye. Akinywa utaona: huinamisha kichwa, pua huingia majini, na koo linapanda na kushuka polepole. Akijisaidia ndani, na wengi hujisaidia, yamwage yote na uanze upya, maana anakunywa humo humo. Mkaushe, hasa makwapani na kwenye mikunjo ya mkia, ndipo umrudishe kwenye joto. Siku tatu za kwanza fanya asubuhi na jioni, baadaye mara moja kwa siku.

Angalia maji unayotumia. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na kobe aliyekauka hahitaji chumvi zaidi. Tumia ya bomba ya DAWASA yaliyokaa kwenye ndoo usiku mmoja, au ya mvua.

Usimsukumie maji mdomoni kwa bomba la sindano. Tundu la hewa liko pale pale nyuma ya ulimi, na maji yakiingia mapafuni umemwongezea ugonjwa. Kama hanywi kabisa baada ya siku mbili za kuloweshwa, daktari anaweza kumpa maji chini ya ngozi, kwa kawaida mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku.

Kumkagua

Wakati huo huo mkague, na uandike. Mizani ya jikoni ya kidijitali ndiyo kifaa chenye thamani kuliko dawa yoyote utakayonunua. Mpime kila asubuhi kabla ya kumlowesha, wakati mmoja, mizani ile ile. Aliyepoteza asilimia 10 ya uzito wake ndani ya mwezi ni mgonjwa hata kama bado anatembea.

Vuta taratibu mguu wa mbele. Mzima anaurudisha kwa nguvu inayokushangaza, mgonjwa anakuachia. Angalia pua ukiwa umemshika usawa wa macho yako, mwanga ukiwa nyuma yake: tone kavu lililoganda kwenye tundu moja, au kapovu kadogo kanakovimba na kupasuka kila anapotoa pumzi, ni dalili ya ugonjwa wa njia ya hewa. Kobe hana kiwambo cha kumwezesha kukohoa, kwa hiyo ute hautoki. Akifikia kunyoosha shingo na kufungua mdomo kwa kila pumzi, au unasikia mluzi, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Geuza taratibu uangalie tumboni, usimweke chali muda mrefu. Wekundu uliosambaa chini ya vipande vya gamba la tumbo unaweza kuwa damu iliyoingiwa na bakteria, na hiyo pia ni dharura. Uvimbe nyuma ya jicho, mahali pa sikio, ni jipu. Usaha wa kobe ni mkavu na mgumu, haukamuliki. Hupasuliwa na kutolewa wote na daktari, na ukilibinya unaumiza tu.

Macho yaliyovimba na kufunga yaoshe kwa maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 kutoka duka la dawa, mara tatu kwa siku, kwa pamba safi tofauti kwa kila jicho. Hapa watu hupenda kudunga vitamini A. Kwa kobe wa nchi kavu anayekula majani, upungufu wa vitamini hiyo si jambo la kawaida, na sindano iliyozidi hubandua ngozi ya shingo na miguu vipande vipande. Vumbi, ute wa pua na ukavu ndivyo vya kushuku kwanza.

Dume la kobe mwenye madoa linaweza kutoa uume wakati wa kuloweshwa. Ni mkubwa, mweusi, na wengi hudhani utumbo umetoka. Kawaida hurudi ndani ya dakika chache. Ukipita saa moja bila kurudi, uloweshe kwa maji safi, upake sukari iliyokorogwa na maji kidogo iwe nzito ili uvimbe upungue, ufunike kwa kitambaa kibichi na uende kwa daktari. Usiufunge na uzi, usiukate.

Jike anayechimbachimba kwa miguu ya nyuma siku nyingi, kisha akaacha kula na kujikamua, huenda ana mayai yaliyokwama, hata kama hajawahi kuonana na dume. Uani kwenye saruji tupu hana pa kutagia. Anahitaji udongo laini wenye kina cha sentimita 30. Akishakwama, apigwe picha ya eksirei kabla ya sindano yoyote ya kusukuma mayai, kwa sababu yai lililovunjika au kubwa kupita njia likisukumwa humpasua ndani.

Gamba linalooza

Masika huleta hili kwa wingi. Gamba linatoa harufu, kipande kinalegea pembeni, ukibonyeza kwa kucha panazama, chini yake pana majimaji. Sugua kwa mswaki laini na maji, toa tu kile kilichokwisha kubanduka chenyewe. Chukua povidoni-ayodini, ile dawa ya kahawia ya kuoshea vidonda, changanya sehemu moja kwa maji sehemu tisa, iwe rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Paka, acha dakika 10, kausha. Mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa, na akae pakavu muda wote isipokuwa anapoloweshwa. Ukiona mfupa mweupe au damu, usiendelee peke yako.

Usipake mafuta ya nazi, wala vanishi, wala rangi ya kucha. Uso unang'aa na unyevu unabaki ndani pamoja na vijidudu. Na wale wanaotoboa ukingo wa gamba ili wapitishe kamba: gamba ni mfupa hai wenye damu na mishipa ya fahamu. Tundu hilo ni jeraha la mfupa, na mara nyingi ndipo uozo unapoanzia. Jenga ukuta wa tofali mbili, utamzuia bila kumtoboa.

Dawa, na ile moja ya kuogopa

Ivermektini huua kobe. Kwenye chupa limeandikwa ivermectin, na ni dawa nzuri kwa ng'ombe na mbuzi. Ndani ya kobe huingia kwenye ubongo na kumpooza, anashindwa kupumua, na hakuna dawa ya kuiondoa. Hakuna kipimo kidogo cha salama. Mtu yeyote akikushauri kumdunga, iwe kwa minyoo au kwa kupe, kataa, hata awe na koti jeupe. Kupe watolewe kwa kibano, ukishika karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja. Usimwogeshe kwa dawa ya josho.

Minyoo michache kwenye tumbo la kobe mla nyasi ni hali ya kawaida, na uwepo wake si sababu ya kumtibu. Peleka kinyesi kipimwe kwanza. Kiwe cha siku hiyo, kwenye kichupa safi chenye kifuniko, kisikae juani. Mjini, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania uko Temeke. Wakihesabu na kukuta wamezidi, daktari kwa kawaida huchagua fenbendazoli kwa mdomo, kipimo kwa uzito. Ndiyo maana umepima uzito.

Antibayotiki za binadamu kutoka duka la mtaani, vidonge vya amoksilini vilivyosagwa na kadhalika, huua bakteria wanaomsaidia kusaga nyasi, kisha tumbo linajaa gesi. Gentamisini kwa kobe aliyekauka huharibu figo. Enrofloksasini ya sindano huchoma na inaweza kuacha kidonda pale ilipodungwa. Kwa maambukizi mazito ya hewa, madaktari wa watambaazi hutumia mara nyingi seftazidimu, miligramu 20 kwa kilo, mara moja kila saa 72. Nakutajia ili ukisikia "mara moja kwa siku tatu" usidhani daktari amekosea: mwili wa kobe huondoa dawa polepole. Sindano huwekwa mguu wa mbele, kwa sababu damu ya miguu ya nyuma inaweza kupitia figo kabla ya kuzunguka mwilini. Ukiona mtu anaelekeza sindano pajani, muulize.

Kumpata daktari aliyezoea kobe si rahisi; wengi wamesomea na kufanya kazi kwenye ng'ombe, kuku na mbwa. Muulize kwa heshima, "Daktari, umewahi kutibu kobe?" Akisema hapana lakini yuko tayari kuuliza wenzake, huyo ni mtu wa kufanya naye kazi. Kwa upasuaji au picha, ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Msafirishe kwenye boksi lenye matundu na taulo chini, asubuhi mapema, na usimwache ndani ya gari lililosimama juani hata dakika kumi. Beba daftari la uzito, picha za anapoishi, na orodha ya kweli ya anachokula. Ya kweli, pamoja na ule ugali.

Chakula

Usimlishe kabla hajapata joto na maji. Chakula kwenye tumbo lililopoa huoza. Siku ya tatu hivi, akiwa ameshajisaidia na macho yamefunguka, mletee asubuhi baada ya kujianika. Ua jekundu la haibiskasi huwaamsha hata walio wagumu, rangi inawavuta. Mpungate ni mzuri sana: kwangua miiba yote kwa kisu, pitisha motoni upesi kuunguza vile vimiiba visivyoonekana, katakata. Una maji mengi na madini ya kalisi (kalsiamu). Kongwa, lile gugu laini la maua ya buluu linaloota penye unyevu, na majani ya matembele kiasi, vinafaa. Asiposhika, papasa mdomo kwa kipande cha tango. Kutembeza chakula puani mara tatu kwa siku kunatosha. Kumfungua mdomo kwa nguvu huvunja taya.

Akishaanza, rudisha nyasi. Kwa kobe mwenye madoa, robo tatu ya chakula ni ukoka na nyasi nyingine, mbichi na kavu, na kinachobaki ni majani na magugu. Mchicha na spinachi viwe vya mara mojamoja kwa sababu vina asidi inayofunga kalisi, na usinunue vilivyomwagiliwa maji ya mto mchafu. Papai, embe, ndizi na tikiti humharisha, maana sukari huvuruga bakteria wa tumbo lake. Ugali, wali, mkate, dagaa na chakula cha mbwa humchosha figo na kuharibu ukuaji wa gamba. Yule wa bawaba ndiye anayekula vyote: uyoga, konokono, jongoo, matunda yaliyoanguka. Ukimlisha nyasi tupu atadhoofu, na ukimlisha mwenye madoa kama yeye utamuua polepole.

Kisamvu kibichi, hapana. Sisi wenyewe hatukili bila kutwanga na kuchemsha, kwa sababu kina sumu. Mnyaa, mbono na oleanda viondolewe uani. Nyasi za bustani iliyopuliziwa dawa ziache.

Kalisi: maganda ya mayai yaliyochemshwa dakika 10, yakakaushwa na kusagwa unga, au chokaa ya kuku kutoka duka la vyakula vya mifugo. Kiasi cha kubana kwa vidole viwili juu ya majani, mara tatu kwa wiki. Chokaa ya kupaka ukuta ni kitu kingine, inaunguza mdomo na utumbo. Watoto wa kobe ambao gamba linabonyea wakiwa na zaidi ya miezi michache wanahitaji hii pamoja na jua kila siku, na mifupa hujirekebisha kwa miezi, si wiki.

Akipata nafuu

Wiki mbili za kula mwenyewe, uzito unapanda, pua kavu, kinyesi kimeshikana: hapo unaweza kumrudisha nje mchana, na usiku bado ndani. Usiku ndipo panya hutafuna miguu ya kobe asiyejongea, na sisimizi humvamia aliyedhoofu. Mkague mkia kila jioni, maana inzi hutaga kwenye kidonda au uchafu, na funza huonekana kesho yake. Mbwa wa ulinzi asiachwe naye hata kama "wamezoeana". Huliguguna gamba pembeni kama mfupa wowote.

Osha mikono kwa sabuni kila ukimshika, na beseni lake lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Kobe anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila yeye kuumwa. Watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike kabisa wakati huu.

Aliyewahi kutoa makamasi asichanganywe na kobe wengine hata akipona, na mpya akae peke yake angalau miezi sita. Vijidudu vya ugonjwa huo hubaki ndani ya aliyepona na hurudi akipata msongo au baridi. Kwa sababu hiyo hiyo usimwachie msituni Pugu au Pande eti umpe uhuru: utawapa ugonjwa kobe wa porini ambao hawana wa kuwalowesha. Kobe ni wanyamapori kisheria, na kumfuga kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kama huna kibali au umeshindwa kumtunza, wasiliana na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, wakuelekeze pa kumpeleka, na uwape lile daftari la uzito pamoja na majina ya dawa zote alizodungwa na tarehe zake.